Sheria Haijui Maziwa

Huyo mtu mwenye alikaa chini akaandika sheria ya wageni, mimi nataka kumuuliza kitu kimoja tu: yeye alinyonyeshwa na nani? Kama alinyonya kama watu wote, basi alisahau mapema sana. Na kama hakunyonya, wangempa kazi ingine. Wangempa barabara achore, ama mabehewa ya reli apake rangi. Hii kazi ya kusema nani ni mtu wa nani si ya kupatia mtu yeyote tu.

Kwa mdomo siwezi sema haya. Mtu mkubwa akiniuliza kitu naangalia viatu. Kwa hivyo naandika, na mwenye atasoma asome pamoja na hasira yangu, sitaipunguza.

Shangazi Ladan alifika kwetu Bondeni, hapa Nakuru, wakati wa mvua kubwa, juu ya lori ya ngozi. Alinuka mpaka paka wa jirani alimfuata. Nyanya Khamisa, mama yake Baba, alikuwa ameketi mlangoni anashona kawa ya kufunikia chakula. Hata hakuinua macho.

"Leo hatununui kitu, mama," Nyanya akamwambia.

Yule mwanamke akasimama tu, tope mpaka magoti, mkono mmoja ameushikilia na ule mwingine. Akasema, "Hooyo."

Hiyo ni mama, kwa Kisomali. Hata sisi watoto tunaijua, Wasomali ni wengi huku kwetu. Nyanya akainua macho.

"Wewe mtoto wa nani?"

"Wako. Ladan. Ladan wa Dahabo."

Nyanya yangu ni mtu mzito, akitaka kuinuka tunamvuta wawili, mimi na Mama. Siku hiyo aliinuka peke yake, kawa ikabiringika mpaka kwa mfereji.

Ngoja nieleze, kwa sababu hapa ndipo Wazungu wanapotea. Zamani Babu alikuwa askari wa Keya, lile jeshi la Waingereza, na walimpeleka Mandera, kule mwisho kabisa wa Kenya, mpaka unapita kando ya kambi. Nyanya alikuwa na mtoto mchanga, ndiye Ami Muhidin, ndugu mdogo wa Baba. Na alikuwa na rafiki, Msomali mmoja anaitwa Dahabo, mwenye alikuwa akileta maziwa ya ngamia kambini. Dahabo akafa akizaa. Mume wake akaja kambini na mtoto ndani ya shuka, hajui amfanye nini. Nyanya akamsukuma Muhidin upande mmoja wa kifua, akamweka Ladan upande wa pili. Hakuuliza mtu. Akawanyonyesha wote wawili mpaka Babu akahamishwa, na baba yake Ladan akaja kuchukua mtoto wake, na kila mtu akalia siku hiyo, hata Babu, mwenye hakuwa mtu wa kulia.

Kwetu Waislamu hayo si mambo ya huruma peke yake. Ukinyonya kwa mama, huyo ni mama yako. Watoto wake ni ndugu zako, huwezi oa mmoja wao mpaka uingie kaburi. Kwa hivyo Ladan ni shangazi yangu, na alipoingia kwetu hakuna mtu alihitaji kunieleza nimwite nani.

Sasa, Dahabo alizaa wapi? Ng'ambo. Watu wake walikuwa wamevuka mpaka siku hiyo kwa sababu ngamia walitaka maji. Kama ngamia wangekuwa wameshiba upande huu, Shangazi angekuwa mtu wa Kenya, na mimi saa hii ningekuwa nimelala.

Kilichomleta ni shemeji. Mume wake alikufa, na ndugu ya mume akasema atamrithi, ndiyo desturi yao, mjane anabaki kwa ukoo. Shangazi akakataa. Akatoroka, wakamrudisha. Yule shemeji akamvunja mkono mbele ya watu na akasema akitoroka tena atavunja shingo. Mkono ulishika vibaya. Ukimwona akikamua nguo utaona vile umepinda hapa juu ya kiwiko. Basi akatoroka tena, lori hii mpaka Isiolo, ingine mpaka Nanyuki, na ile ya ngozi mpaka kwetu. Kwa mama yake. Mwingine angeenda wapi?

Alikaa kwetu vizuri. Alimfundisha Mama kupika chai ya iliki yenye maziwa mengi mpaka kijiko kinasimama. Usiku alilala na Nyanya kitanda kimoja, akikoroma, na Nyanya asubuhi anasema, "Hata alipokuwa mtoto alikuwa hivi hivi," kama mtu anayesifiwa.

Halafu msako ukaja. Tangu serikali itangaze Emajensi kwa sababu ya Mau Mau, msako ni kama jua, unatoka tu. Walikuwa wanatafuta Wakikuyu wenye hawana pasibuku, kile kitabu cha ruhusa ya kutembea. Watu wamezaliwa hapo Bahati, unaona moshi wa jiko lao ukiwa mjini, na hawawezi kuja sokoni bila karatasi. Siku hiyo hawakupata Mkikuyu hata mmoja Bondeni. Lakini askari hawezi kurudi mikono mitupu. Akamwona Shangazi anaanika nguo.

"Wewe, karatasi yako iko wapi?"

"Karatasi ya nini?"

"Ya kukaa."

Shangazi akafikiri anauliza mkeka. Akamwonyesha. Nasema hivi nicheke, lakini siku hiyo hakuna mtu alicheka. Baba alibembeleza mpaka wakamwacha, na tukaambiwa tumlete kwa ofisi ya wageni akija Bwana mmoja Mzungu wa kutoka Nairobi.

Tulienda wote. Baba, ambaye jina lake ni Alamin na ni dereva wa kampuni ya unga, aliomba ruhusa kazini. Ami Muhidin alitoka gereji na mafuta kwa mikono. Mimi nilipelekwa kwa sababu nasoma Kiingereza shuleni, ati nitasikiliza kama wanatudanganya.

Karani wa pale anaitwa Odero. Ana kalamu juu ya sikio na sauti ya mtu wa kwaya.

"Umezaliwa wapi, mama?"

Shangazi akasema jina la kisima.

"Hicho kiko upande gani?"

"Upande ya maji."

"Dada yangu, maji haina serikali. Ni Kenya ama si Kenya?"

"Ngamia ilikuwa huko," Shangazi akasema.

"Basi si Kenya," Odero akaandika, na akapuliza wino ukauke.

Tukaingia kwa Bwana. Mimi nilikuwa nimejitayarisha kuona mtu mkali. Hapana, na hiyo ndiyo ilinichosha zaidi. Alikuwa mpole. Alimpa Nyanya kiti chake mwenyewe, chenye mto. Alisema Kiswahili kile chao cha shamba.

"Mama, huyu mwanamke yeye nani kwako?"

"Binti yangu."

"Mzuri! Kama yeye mtoto yako, hapana matata. Wewe nazaa yeye wapi?"

"Sikumzaa. Nilimnyonyesha."

Bwana akamtazama Odero. Odero akaeleza kwa Kiingereza, akionyesha kifua kwa heshima, mbali mbali.

"Aaa!" Bwana akasema. "Wewe yaya. Baba yake nalipa wewe mshahara."

Nyanya akageuka kwa Baba. "Alamin, huyu mtoto ananiuliza mshahara wa ziwa langu?"

"Mama, polepole," Baba akasema.

"Polepole nini? Muulize yeye, mama yake alimlipisha shilingi ngapi?"

Odero hakutafsiri hiyo. Alikohoa, akatafuta kitu chini ya meza.

Baba akaeleza upya, pole pole, mpaka akafika kwa shemeji na mkono. Shangazi akakunja mkono wa gauni akauonyesha. Bwana aliuangalia vizuri na uso wake ukabadilika. Ukweli usemwe, alisikitika. Akasema pole, na akasema tena pole. Halafu akasema sheria inaweza kufikiria mtu anakimbia vita, ama mtu anatafutwa na serikali ya huko. Mtu anakimbia shemeji, hiyo haimo. Hiyo ni maneno ya nyumbani.

"Nyumbani ndiko ananivunjia shingo," Shangazi akasema. Hiyo pia Odero aliitafsiri kwa ufupi.

Bwana akasema sheria inakubali watu wa aina tatu peke yake: mtoto wa kuzaa, mzazi mzee, na mke. Akafikiri kidogo, na uso wake ukang'aa.

"Nyinyi iko na kijana hapana oa?"

Sote tukamtazama Ami Muhidin, bila kupenda. Alikuwa anajaribu kuficha mikono yake michafu.

"Basi!" Bwana akasema. "Huyu naoa yeye. Leta karatasi ya kadhi, mimi naandika, kwisha kabisa."

Alitabasamu. Alidhani ametupa zawadi.

"Bwana," Ami Muhidin akasema, "huyu ni dada yangu."

"Lakini mama yako sasa hivi nasema hapana zaa yeye."

"Ndiyo. Hakumzaa."

"Basi hapana dada."

"Ni dada, Bwana."

Bwana akavua miwani akajisugua macho. Hata yeye alikuwa amechoka na sisi, naona. Akasema kwa sauti ya mtu anayefundisha hesabu: kama ni dada, nataka mama mmoja amewazaa. Kama si dada, amuoe. Moja ama ingine. Chagueni kabla ya lori ya serikali kwenda kaskazini wiki ijayo.

Hebu mtu anieleze. Kwa serikali Shangazi yuko mbali sana hata hawezi kukaa. Kwa dini yuko karibu sana hata hawezi kuolewa. Kule mbali na kule karibu, kote wanafunga mlango, na yeye amesimama katikati na mkono wake uliopinda.

Habari ya kwamba kuna mwanamke anatafutiwa mume ilizunguka Bondeni kabla hatujafika nyumbani. Mzee Farajalla, mwuza nyama, alikuja jioni hiyo hiyo amevaa koti. Ana wake wawili, na meno hayazidi hao sana.

"Mimi nimekuja kusaidia," akamwambia Baba. "Kwa ajili ya Mungu tu."

"Mungu ameshukuru," Nyanya akajibu kutoka ndani. "Nenda ukauze maini."

Shangazi akacheka kwa uchungu. "Nimekimbia mwanaume mmoja, hapa naletewa soko nzima." Akasema wazi, na alisema mbele ya Baba: mume hataki. Yule wa huko hataki, na wa hapa hataki. Akilazimishwa kuolewa Nakuru, tofauti na kulazimishwa kule ni nini? Ni hewa ya baridi tu.

Lakini Baba hakulala. Baba ni mtu wa kutafuta njia, kama barabara imefungwa na tope yeye anapitia shambani. Akaita Maalim Darweshi, mwenye anatufundisha Kurani, akaja baada ya sala ya alasiri akaketi uani. Mimi nilikuwa napepeta mchele, na nikaupepeta huo mchele mpaka ukaisha makapi na bado napepeta.

"Maalim," Baba akasema, "wakioana kwa karatasi tu? Wasikae pamoja. Muhidin analala gereji, Ladan analala na Mama. Serikali ipate karatasi yake, sisi tupate mtu wetu."

"Nitalala gereji mpaka nizeeke," Ami Muhidin akasema haraka. "Chini ya gari. Wallahi."

Maalim Darweshi ni mzee mpole, na anampenda Nyanya kama dada. Akachezea ndevu. Akasema nikaha ni nikaha, haina ya karatasi na ya kitanda. Kama wamenyonya ziwa moja ni haramu, hakuna kadhi ataandika. Halafu akainama mbele kidogo na akateremsha sauti.

"Lakini kuna masharti, Khamisa. Sisi hapa tunafuata kwamba mtoto awe amenyonya mara tano kamili, ashibe kila mara. Akinyonya chini ya hapo, undugu haujafunga. Sasa wewe fikiria vizuri. Ni zamani sana. Mtu anasahau. Ulimnyonyesha mara ngapi?"

Mimi niliacha mchele. Kila mtu pale uani alielewa Maalim amefungua mlango, na amegeuka upande ili asionekane ameufungua. Nyanya akisema nne, kesho kuna nikaha, na Shangazi anabaki.

Nyanya alikuwa anatazama mikono yake.

Shangazi akatoka jikoni akapiga magoti mbele yake. "Hooyo," akasema. "Sema nne."

"Nikisema nne, wewe utakuwa nani wangu?"

"Nitakuwa mtu yuko hai."

"Na huyu?" Nyanya akamwonyesha Ami Muhidin kwa kidevu. "Huyu atakuwa mume wako? Siku mtu akikuuliza mbele ya Mungu huyu ni nani, utasema nini?"

"Nitasema Mungu aliona shemeji yangu."

Maalim akasema kwa upole, "Khamisa, hakuna mwenye anakuharakisha."

Mwadhini wa msikiti wa chini akaanza magharibi, na hakuna mtu aliinuka. Halafu Nyanya akasema, "Maalim, mimi nilimnyonyesha mpaka akaota meno. Alikuwa anauma. Huyu Muhidin hakuuma, yeye aliuma. Utasahau mtoto mwenye alikuuma? Mimi sitaenda kumwambia Dahabo huko aliko kwamba nilimpa mtoto wake mara nne halafu nikamrudishia."

Hapo mlango ukafungwa. Maalim akavaa viatu vyake.

Shangazi aliinuka akapangusa magoti. "Watu wa serikali wananirudisha kwa karatasi," akamwambia Nyanya. "Wewe unanirudisha kwa mdomo wako." Akaenda kulala jikoni kwa mkeka. Tangu siku hiyo hakusema na Nyanya tena, hata salamu.

Na mimi nitasema ukweli. Sheria nilikuwa nimeikasirikia, lakini Nyanya nilimkasirikia zaidi. Sheria haina macho. Nyanya anayo, na aliuona huo mkono kila siku. Nilimletea maji ya kutawadha bila kumtazama. Yeye hakujitetea. Alishinda ndani anapekua sanduku lake, anakunja hiki, anafungua kile. Nikafikiri anatafuta kitu cha kumpa Shangazi cha njiani, kanga ama nini, na hiyo pia ikaniudhi, kwa sababu kanga haizuii mtu kuvunja shingo.

Siku ya lori tulifika mapema kwa uwanja wa ofisi. Lori ilikuwa na turubai, na ndani watu wengine walikuwa wamekaa tayari juu ya mizigo, wanaume wengi, na mama mmoja na watoto. Shangazi alikuwa na kifurushi kidogo. Mama alimshika shingoni akalia. Ami Muhidin alimpa kibati cha samli, akarudi nyuma akaanza kukagua magurudumu ya lori ya serikali kama ni yake.

Halafu Nyanya akaja, nyuma yake kijana wa mkokoteni. Juu ya mkokoteni kuna godoro limekunjwa, birika, sufuria mbili, na lile sanduku.

"Mama," Baba akasema, "hilo godoro la nini?"

"La kulala."

"Wapi?"

"Mandera. Ama huko wanakompeleka. Shika upande ule, Alamin, usisimame kama mlingoti."

"Mama, una miaka ngapi wewe? Unaenda kufanya nini Mandera?"

"Wewe si ulikuwepo pale uani? Si ulinisikia nikisema ni binti yangu?" Nyanya alikuwa anahema, lakini sauti ilikuwa ile ya kugombeza. "Sasa nilisema ya nini? Nikae Bondeni nikishona kawa, na yeye aende peke yake? Huyo shemeji anachukua mtu mwenye hana mama. Atakuja, atanikuta mimi mlangoni. Akitaka mwanamke aniombe mimi, na mimi nitakataa. Nitakataa kila siku, asubuhi na jioni. Mimi sina kazi ingine."

Shangazi alikuwa ameshika ubao wa lori, hajapanda. Alimtazama Nyanya, akatazama godoro.

Odero akatoka mbio. "Mama Khamisa! Huwezi kupanda. Kule kumefungwa. Mtu wa huku hawezi kwenda kaskazini bila ruhusa ya serikali."

Sasa mnaona hii nchi? Mtu akitoka kule anataka karatasi. Mtu akienda kule anataka karatasi. Mahali pekee huhitaji karatasi ni pale ulipokuwa umesimama, na wakija na msako, hata hapo.

"Basi nipe hiyo ruhusa," Nyanya akasema.

Nikafikiri itachukua mwezi. Nikafikiri hapa ndipo wataachana, Nyanya atakataliwa, lori itaondoka, na kila mtu atalia kwa mpango. Wapi! Odero akaingia ndani, tukasikia anazungumza na Bwana, mhuri ukalia, akatoka na karatasi mbichi. Tulikuwa tumeomba karatasi moja ya kukaa tukaambiwa haiwezekani. Hii ya kuondoka ilitoka kabla kijana wa mkokoteni hajamaliza kushusha sufuria.

Nyanya hajui kusoma. Akanipa mimi. "Soma, Kadija. Wameandika jina langu vizuri?"

Nikasoma. Imeandikwa kwa Kiingereza, na sahihi ya Bwana chini, kwamba Khamisa, mama, anaruhusiwa kusafiri pamoja na binti yake Ladan.

Nikaisoma tena. Nikamvuta Baba mkono nikamwambia kwa sikio, na Baba akainyakua hiyo karatasi akaenda nayo mpaka kwa dirisha la ofisi.

"Bwana! Hapa umeandika binti yake! Mwenyewe, na mhuri! Sasa kama ni binti yake, si akae?"

Bwana akatoka mpaka kwa ngazi. Akachukua karatasi, akaisoma, akamwangalia Odero, na Odero akaangalia mawingu. Nafikiri Odero aliiandika makusudi. Sijui.

Bwana akamrudishia Baba ile karatasi, kwa upole, kama kawaida yake.

"Hii ya barabara tu," akasema. "Hapana ya kukaa."

Kwenda, ni binti yake. Kukaa, si binti yake. Wakiwa juu ya lori, huyu ni mama na huyu ni mtoto, serikali inajua, imepiga mhuri. Wakishuka, hawajuani. Ni sheria ya namna gani inapatia mtu mama kwa safari tu, halafu inamnyang'anya akifika?

Baba akamweleza Nyanya kwa maneno machache. Nyanya akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyu kijana hakunyonya vizuri," akaingiza ile karatasi kifuani.

Na Shangazi Ladan, mwenye hakuwa amesema neno na Nyanya tangu siku ya Maalim, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika tumbo. Ule mkono mzima ukamshika Nyanya kwapani, Ami Muhidin na Baba wakasukuma kutoka chini, na dereva anapiga kelele muharakishe, na Nyanya anamjibu kwamba yeye si gunia la viazi. Akaingia. Shangazi akamtandikia godoro upande usio na upepo, akaketi karibu naye, bega kwa bega, bado anacheka na machozi yanatoka.

Lori ikawaka. Mama akawa anatupia vitu ndani, vitumbua, na chupa ya maji. Wakazunguka kona wakienda upande wa Nanyuki, na sisi tukabaki kwa ule moshi. Nchi imelindwa. Walikuwa wanataka kutoa mtu mmoja, wakatoa wawili.

Ofisini Odero alirudi kwa dirisha lake, akatoa kalamu juu ya sikio, akaita, "Mwingine!" Mama mmoja wa Bahati akasogea na pasibuku yake, akauliza kama anaweza kuja kuuza kabeji Ijumaa.